Buibui wa mistari ya njano, na yule aliyejikunja chini ya kiti

Swali: "Habari za kazi, mtaalamu. Kuna buibui mkubwa ameweka makao bustanini kwangu, kati ya kichaka na uzio. Tumbo lake lina mistari ya njano na nyeusi, na sehemu ya mbele inang'aa kama fedha. Miguu anaipanga miwili miwili, ukimtazama kwa mbali ni herufi X. Katikati ya utando wake kuna mshono mweupe wa zigizaga. Nikimsogelea anautikisa utando mzima. Nimempiga picha nikaiingiza kwenye programu ya simu ya kutambua viumbe. Mara ya kwanza ikanipa jina moja, mara ya pili jina jingine. Jirani yangu anasema rangi hizo ni dalili ya sumu kali, nimchome moto. Mdogo wangu anasema buibui wa bustanini hawana sumu kabisa, nimwache. Nina watoto wawili wanaocheza hapo kila siku, na juzi mmoja aliamka na malengelenge shingoni. Mama mkwe akasema buibui amemkojolea. Hapo ndipo nilipoanza kupekua bustani nzima. Chini ya kiti kimoja cha plastiki nikakuta nyuzi zilizovurugika, vitufe viwili vyeupe vyenye miibamiiba, na kibuibui cha kahawia kilichojikunja kama kimekufa. Hicho sikukijali. Naomba unisaidie: huyu mkubwa ni buibui gani, ana hatari, na nimuue au nimwache?"

Jibu:

Nianze na hilo linalokunyima usingizi. Buibui wako mkubwa hana hatari kwa watoto, na sioni sababu ya kumuua. Yule mdogo uliyemkuta chini ya kiti, uliyempuuza kwa kusema "hicho sikukijali", ndiye aliyenifanya nikuandikie kwa urefu. Kwa maelezo yako, huyo ndiye wa kuondolewa, tena leo, na nitakueleza namna ya kufanya bila kujihatarisha. Kabla hujaendelea kusoma, viondoe viti hivyo mahali watoto wanapocheza. Vishike kwa juu, vidole visiingie chini ya kingo.

Sasa tumtazame huyo mkubwa. Ni jike wa jenasi ya Argiope, katika familia ya buibui wanaosuka utando wa duara. Jenasi hiyo ina spishi zaidi ya 80, na utawakuta karibu kila penye joto la kutosha duniani. Nimemjua hata bila kuona picha yako, kwa sababu mambo uliyoyataja ni nadra kukutana kwa buibui mwingine: miguu iliyopangwa miwili miwili, mshono wa zigizaga katikati, na ile tabia ya kutikisa utando. Ukimtazama tena utaona kichwa chake kimeelekea chini, na yuko wazi kabisa mchana kweupe. Wasukaji wengi wa utando wa duara hujificha mchana kwenye jani lililokunjwa, wakatoka usiku. Argiope hushinda katikati ya utando wake kutwa nzima. Ukiangalia vizuri pembezoni mwa utando, huenda ukaona kibuibui kingine chembamba, cha kahawia, kisichofika hata theluthi ya urefu wake. Huyo ndiye dume, wala si mtoto wake. Amekuja kuoa, na mara nyingi harudi salama.

Programu ya simu yako usiilaumu sana. Kazi yake ni kulinganisha picha yako na picha ambazo watu wamekwisha kuzipa majina. Ukimpiga picha kwa mgongoni inaona mistari ya njano. Ukimpiga kwa upande wa pili wa utando inaona tumbo jeusi lenye madoa, na kwake hao ni viumbe wawili. Tena spishi nyingi za Argiope zinafanana mno, na buibui mmoja hubadilika rangi kadiri anavyokua. Mtaalamu anapotaka kutaja spishi kwa uhakika hutumia hadubini na kuangalia viungo vya uzazi: kwa jike ni bamba dogo gumu chini ya tumbo, kwa dume ni ncha za vipapasio viwili vilivyo kando ya mdomo, ambazo kila spishi ina mikunjo na ndoano zake. Orodha ya buibui wa dunia nzima, inayotunzwa kwenye makumbusho ya historia asilia ya Bern, Uswisi, ilivuka spishi 50,000 mwezi Aprili 2022, na wapya wanaongezwa kila mwaka. Picha moja ya simu haiwezi kubeba mzigo huo. Kwa haja yako wewe, hata hivyo, jenasi inatosha, kwa sababu kwa upande wa usalama wa binadamu Argiope wote ni wamoja.

Kwa nini nasema hana hatari? Mwangalie anavyoishi. Ana macho manane, lakini hayaoni mbali wala hayaoni vizuri. Dunia yake yote imo kwenye nyuzi. Miguu yake ina vinyweleo na mipasuko midogo ya hisia inayopokea kila mtikisiko, kiasi kwamba anaweza kutofautisha jani lililodondokea utandoni na nzi anayepapatika. Ukipata nafasi asubuhi, simama hatua mbili kutoka hapo umsubiri panzi anase. Utamwona jike akigeuka upesi na kumsogelea, kisha badala ya kumuuma atamgeuzia tumbo. Kwa miguu ya nyuma atavuta nyuzi nyingi kwa mpigo, pana kama utepe, huku akimzungusha panzi mpaka hawezi tena kurusha hata teke moja. Akishamfunga hivyo ndipo anauma, anasubiri, halafu anamtemea majimaji ya kuyeyushia chakula na kumfyonza polepole. Kiumbe anayemwogopa panzi kiasi cha kumfunga kwanza hana mpango wa kumrukia mtoto wako.

Ule mtikisiko uliouona ni kinga. Utando ukienda mbele na nyuma kwa kasi, yeye anageuka kuwa ukungu wa njano tu, na ndege au nyigu aliyekuwa anamlenga anashindwa kujua ampige wapi. Ukizidi kumbughudhi atajiachia aanguke majanini, akiwa ameshikilia uzi mmoja wa kupandia baadaye. Ataweza kuuma iwapo atafinywa kwa vidole au kubanwa kati ya nguo na ngozi. Akiuma, mtu husikia maumivu kiasi cha nyuki au pungufu, na uvimbe mdogo unaopoa wenyewe. Mwenye mzio mkali ajihadhari kama anavyojihadhari na nyuki.

Kuhusu ule mshono wa zigizaga, umewagombanisha wataalamu kwa zaidi ya karne moja. Wa kwanza walidhani unaimarisha utando, lakini umeshikizwa juujuu mno kuweza kubeba chochote. Wengine wameonyesha kwamba unaakisi mwanga wa urujuanimno, ambao wadudu wanauona na sisi hatuuoni, hivyo unawavuta waje. Wengine wanasema unawaonya ndege wasiupasue utando kwa kupita, au unamficha mwenyewe buibui. Naelemea kwa wale wanaosema hauna kazi moja, maana buibui yuleyule leo atausuka, kesho akausuka nusu, keshokutwa asiusuke kabisa. Kwa anayetaka kumtambua, umbo lake lina faida: spishi nyingine hushona mstari mmoja wa wima, nyingine hushona herufi X nzima. Hilo liandike unapompiga picha.

Nije kwa jirani yako. Wazo lake halikutoka hewani. Kuna wanyama kweli ambao rangi kali kwao ni onyo, kama vile nyigu. Lakini kwa buibui kipimo hicho hakifai. Majaribio yaliyofanywa kwa wasukaji wa duara yameonyesha kwamba njano inayong'aa huwavuta wadudu wanaotafuta maua. Yaani kwa Argiope rangi hiyo ni chambo. Na ukiwapanga buibui ambao kweli wanaweza kumdhuru binadamu, wengi wao ni wa rangi za kufifia: kahawia, kijivu, mweusi usio na pambo. Ukubwa nao hausemi kitu. Kumchoma moto, juu ya kuwa ni kumwonea, ni kuhatarisha kichaka chako na uzio wako, na watu wameunguza nyumba kwa njia hiyo.

Mdogo wako naye nimsahihishe, ingawa amefika mahali pazuri kwa njia isiyo sahihi. Karibu buibui wote wana sumu, wa bustanini na wa nyumbani. Familia chache sana, kama Uloboridae, ndizo hazina tezi za sumu. Sumu hiyo imetengenezwa kwa ajili ya mishipa ya fahamu ya wadudu, kiasi chake ni kidogo mno, na meno ya buibui wengi hayana urefu wala nguvu ya kupenya ngozi yetu. Kwa hiyo swali la kujiuliza mbele ya buibui usiyemjua ni hili: je, huyu ni mmoja wa wale wachache ambao meno yao yanapenya na sumu yao inashika kwenye mishipa ya fahamu au nyama ya binadamu? Orodha ya hao ni fupi, na kila mahali duniani ina majina machache tu ya kukumbuka.

Malengelenge ya mtoto nayo nayatenga na buibui. Buibui hamkojolei mtu. Taka zake ni tone dogo zito, jeupejeupe, lisilochoma ngozi. Malengelenge yanayotokea ghafla shingoni au usoni, mara nyingi kwa mstari kama wa kuchapwa, yakiwasha na kuunguza, kwa kawaida hutokana na mbawakavu mdogo mwembamba wa jenasi ya Paederus, mwenye pingili nyekundu na nyeusi kama amevaa sare. Huyo haumi wala hachomi. Mwilini mwake ana kemikali iitwayo pederini. Anatua shingoni usiku akifuata taa, mtu anampangusa au kumsaga usingizini, kemikali inasambaa kwenye ngozi, na kesho yake au keshokutwa malengelenge yanatoka. Akitua, mpulize aondoke, kisha osha kwa maji na sabuni. Taa ya nje ikizimwa mapema na chandarua kikishushwa, tatizo hupungua sana. Lakini mtoto wako sijamwona. Kama malengelenge yako karibu na jicho, yanatoa usaha, yanaenea, au mtoto ana homa, mpeleke kwa mhudumu wa afya aangaliwe kwa macho. Mkanda wa jeshi na maambukizi ya ngozi ya watoto navyo huleta malengelenge, na tiba zake ni tofauti kabisa.

Hapohapo niseme jambo linalohusu kila nyumba. Mtu akiamka na jipu au kidonda, buibui ndiye mshtakiwa wa kwanza, hata kama hakuna aliyemwona. Madaktari wamekuta tena na tena kwamba vidonda vinavyoitwa vya buibui ni maambukizi ya bakteria, hasa stafilokokasi, na mgonjwa anayekaa nyumbani akisubiri "sumu itoke" anachelewa kupata dawa aliyohitaji. Kama hukumwona buibui akiuma, mweleze daktari hivyohivyo: nimeamka na kidonda, sijui chanzo.

Turudi chini ya kiti. Vile vitufe vyenye miiba ndivyo vilivyonishtua. Ni vifuko vya mayai, vya kipenyo cha kama sentimita moja, na ule uso wenye vichomozi kila upande ni alama ambayo mtu hahitaji hadubini kuisoma. Anayeviacha hivyo ni Latrodectus geometricus, mjane wa kahawia, ndugu wa karibu wa mjane mweusi, buibui anayejulikana kwa sumu yake kali. Siku hizi ameenea nchi nyingi za joto kwa kusafiri na mizigo, na anapenda sana mahali palepale tunapopapenda: chini ya viti vya plastiki, ukingo wa ndani wa vyungu vya maua, ndani ya viatu vilivyoachwa nje, makopo, matairi, boksi la mita. Utando wake hauna mpangilio. Ni nyuzi zilizotupwa huku na huku, lakini ukiugusa kwa kijiti utashangaa ulivyo mgumu, na ukikatika unasikika. Ile hali ya kujikunja kama amekufa ni tabia yake anaposhtuliwa. Anakunja miguu, anadondoka, anatulia tuli. Kwa hiyo usimhesabu kuwa maiti. Miguu yake ina pete za rangi iliyokolea na iliyofifia, na ukiweza kumwona tumboni kwa chini utakuta alama ya rangi ya chungwa, pembetatu mbili zilizogusana kwa ncha.

Tahadhari moja: vifuko vya miiba vinamtambulisha huyu, lakini vifuko laini havimtakasi mwingine. Mjane mweusi vifuko vyake ni laini. Wapo pia buibui wa jenasi ya Steatoda, wanaofanana na wajane, ambao nao hutaga kwenye vifuko laini, na hawana madhara makubwa. Ukikuta nyuzi za vurugu karibu na ardhi, na buibui mwenye tumbo la mviringo linalong'aa, mchukulie kama mjane mpaka ijulikane vingine.

Sitaki kukutisha kupita kiasi. Mjane wa kahawia ni mwoga. Karibu kila anapouma ni kwa sababu amebanwa: mtu ameshika kiti kwa chini ili akisogeze, ameingiza mguu kwenye kiatu, amenyanyua chungu. Wengi wanaoumwa naye hupata maumivu ya mahali palepale na wekundu, yakaisha bila tiba kubwa. Lakini sumu yake ni ya ukoo wa wajane, na kiini chake ni alfa-latrotoksini. Kwa kawaida neva zetu hutoa kemikali za ujumbe kwa vipimo, kidogo kidogo, kila misuli inapotakiwa kukaza. Sumu hii inashika kwenye ncha za neva na kuzifanya zimwage kemikali zote kwa mkupuo. Matokeo yake misuli inakaza bila kuamriwa, jasho linatoka, moyo unaenda mbio na shinikizo la damu linapanda. Kwa mtoto mwenye kilo chache sumu ileile inafanya kazi kubwa zaidi, na ndiyo maana sikubaliani na kumwacha akae chini ya viti vya watoto.

Kazi yenyewe ni rahisi. Vaa viatu vilivyofunika miguu na glavu nene, zikung'ute kwanza kabla ya kuzivaa. Fanya mchana, penye mwanga. Pindua kiti kwa kukisukuma kwa fimbo au kwa mguu uliovaa kiatu. Kwa kijiti kirefu viringisha utando wote pamoja na buibui, mponde chini kwa kiatu. Vifuko viweke kwenye mfuko wa plastiki, uufunge, uvisage kwa kiatu ukiwa umefungwa. Kila kimoja mara nyingi kina mayai zaidi ya mia. Kisha pitia viti vingine vyote, vyungu, vifaa vya kuchezea vilivyolala nje, na kingo za meza. Rudia kila wiki kwa muda, kwa sababu kifuko kimoja ulichokikosa kinatosha kuanzisha yote upya. Dawa ya kunyunyiza siipendekezi. Haipenyi vizuri kwenye vifuko, buibui aliyejificha anaweza asiguswe, na watakaokufa kwa wingi ni wadudu wengine pamoja na huyo Argiope ambaye tumesema abaki.

Ikitokea mtoto au mtu mzima ameumwa, osha mahali hapo kwa maji na sabuni, weka kitu cha baridi kilichofungwa kwa kitambaa, na mpe dawa ya maumivu ya kawaida kwa kipimo cha umri wake. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba. Mwone daktari bila kusubiri kama aliyeumwa ni mtoto mdogo, mjamzito, mzee au mgonjwa wa moyo. Kwa wengine wote, nenda mara maumivu yanapotoka palipoumwa na kupanda mguuni au mkononi, tumbo au mgongo unapokaza, jasho linapotoka bila joto, anapotapika au kupumua kwa shida. Dalili hizo huweza kuanza ndani ya saa moja au zikachelewa saa kadhaa. Hospitali ina dawa za kulegeza misuli na za maumivu makali, na nchi kadhaa zina dawa maalumu ya kuzuia sumu ya wajane. Mkiweza bila kujihatarisha, nendeni na picha ya buibui au mzoga wake ndani ya chupa. Ulizeni pia kuhusu chanjo ya pepopunda.

Huo ndio ushauri wa jumla, lakini kuna mahali pachache ambapo haujitoshelezi. Mashariki mwa Australia wako buibui wa faneli, jenasi ya Atrax na ndugu zake, ambao sumu yao inakwenda haraka. Kwao mtu hufungwa bandeji ya kubana kiungo kizima, hatembezwi, anakimbizwa hospitali, na dawa ya kuzuia sumu hiyo ipo tangu 1981. Amerika Kusini, Brazili hasa, yuko Phoneutria, mkubwa, mwenye kuzurura usiku na kunyanyua miguu ya mbele anapotishwa. Na sehemu mbalimbali za dunia wapo Loxosceles, wa kahawia, wapole, wanaopenda kujibanza kwenye nguo na maboksi. Wana macho sita yaliyopangwa mawili mawili, na sumu yao inaweza kuozesha nyama palipoumwa. Kidonda kinachogeuka zambarau au cheusi katikati na kupanuka ni cha daktari, awe buibui alionekana au hakuonekana.

Argiope wako, kama utando wake uko pembeni, mwache. Karibu kila siku anausuka upya, akila nyuzi za zamani ili azitumie tena, na idadi ya panzi na nzi anaowatoa kwenye mimea yako si haba. Waonyeshe watoto wakiwa na wewe, wamtazame bila kugusa. Kama amesuka katikati ya njia na watoto watakuwa wakiupasua kwa nyuso zao, kata jioni ule uzi mrefu wa juu unaobeba utando. Ukirudia jioni chache atahama mwenyewe. Au mfunike kwa chupa ya mdomo mpana, pitisha karatasi ngumu kwa nyuma, umpeleke kwenye kichaka cha mbali. Naye atataga, kifuko chake ni cha kahawia, kama karatasi, hakina miiba. Hicho kiache. Baada ya kutaga wengi wao hufa ndani ya msimu uleule.

Unapotaka kumjua buibui mwingine, anza na anapoishi: majanini, ardhini, ukutani, chini ya kitu. Kisha angalia utando, kama upo na una umbo gani. Halafu mtazame usoni, ikibidi kwa kukuza picha ya simu. Macho mawili makubwa ya mbele ni ya buibui mrukaji. Safu ya macho madogo manne na makubwa mawili juu yake ni ya buibui mbwamwitu, yule ambaye usiku macho yake yanarudisha mwanga wa tochi na ambaye hubeba watoto mgongoni. Miguu ya mbele mirefu, iliyotandazwa ubavuni, juu ya ua, ni ya buibui kaa. Rangi iweke mwisho.

Nitumie picha nne: mgongo, tumbo kwa chini, uso, na utando wote, ukiweka rula au sarafu karibu ili nipate kipimo, pamoja na tarehe na mahali. Yule wa chini ya kiti, ukitaka kumpiga picha kabla ya kumponda, usimpindue kwa mkono. Mtie kwenye chupa ya kioo kwa kijiti, funga, piga picha kwa chini ya chupa, kisha ndipo umuue. Kama unataka jina la spishi kwa uhakika, mtumbukize kwenye spiriti umpeleke idara ya zoolojia ya chuo kikuu au makumbusho yenye mkusanyiko wa buibui. Mpaka uwe umemaliza ukaguzi wa wiki hizo za mwanzo, mtu asikalie kiti cha bustanini kabla hakijapinduliwa na kuangaliwa.